Moto wa Uani, Blanketi la Chumbani



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na maswahaba zake. Wapenzi wasomaji, katika safu yetu ya wiki hii tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya baridi ya jioni, na hasa juu ya njia ambazo familia zetu hutumia kujipatia joto zinapokaa nje. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikiwa gazetini. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka tulipofika Mtera mwezi wa Julai na kusikia yaliyotaka kuifika nyumba moja iliyotukaribisha.

BARIDI YA MTERA

Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Iringa hupita Mtera, mahali ambapo Mto Ruaha Mkuu umezuiwa na kufanywa bwawa kubwa. Maji ya bwawa hilo huendesha mitambo yenye uwezo wa megawati 80 za umeme, kisha huteremka na mto kwenda kuzalisha umeme mwingine Kidatu. Wenyeji huishi kwa kilimo cha mtama na uwele, kwa mifugo, na kwa uvuvi wa perege na kambare. Mchana jua la huko ni kali, na mgeni hudhani kuwa sweta lake amelibeba bure. Jua likishazama, fikra hiyo humtoka upesi.

Mtera haiko juu sana. Ni takriban mita 700 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Dodoma uko juu zaidi ya mita 1,100. Baridi ya jioni ya Mtera basi haisababishwi na mwinuko peke yake. Katika miezi ya kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, hewa ya nyanda za kati huwa kavu na mbingu hubaki wazi. Mawingu ni kama blanketi la ardhi; yasipokuwapo, joto ambalo ardhi imelikusanya mchana kutwa hupanda juu na kupotea. Pamoja na hayo, upepo wa msimu huo huvuma kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, na ukipita juu ya uso mpana wa bwawa haukuti mti wala kilima cha kuupunguza kasi. Mtu aliyeketi uani hujikuta anapigwa na upepo kwa upande mmoja, huku sakafu ya saruji ikimnyonya joto kwa chini.

DARSA ILIYOKARIBIA KUVUNJIKA

Mwenyeji wetu ni mzee aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika uvuvi. Kila siku baada ya swala ya Magharibi mpaka karibu na Isha, muda wa saa moja hivi, wajukuu wake na watoto wa majirani hukusanyika uani kwake. Huwasikiliza wakisoma sura fupi za Juzuu Amma, kisha huwasimulia habari za Mitume. Bibi yao hukaa kando juu ya kigoda, akimrekebisha kwa upole yule anayesinzia, na wazazi huketi nyuma wakisikiliza pamoja na watoto wao. Darsa hiyo haina jina wala ubao wa matangazo, lakini wapo vijana kadhaa wa mtaa ule ambao hawakupata madrasa nyingine isipokuwa hiyo.

Kipupwe cha mwaka huu kilipoingia, watoto walianza kupungua. Kwanza walikosekana wale wadogo, kisha wakubwa nao wakaanza kutoa udhuru. Bibi akalalamika kuwa miguu inamuuma kwa baridi. Babu akashikwa na kikohozi. Ndipo kila mtu wa nyumba ile akatoa rai yake. Kijana mkubwa alitaka uwashwe moto wa magogo katikati ya ua. Mama wa watoto aliona bora liwekwe jiko la mkaa karibu na Bibi, kwa kuwa mkaa hauna moshi. Binti anayefanya kazi Dodoma mjini alipiga simu akasema atanunua jiko la gesi, yale marefu yenye kofia kama mwavuli ambayo ameyaona hotelini. Babu yeye alisema watu wajifunike tu, kama walivyofanya wazee wao.

Rai ya mama ndiyo iliyofuatwa, kwa sababu jiko lilikuwapo na mkaa ulikuwapo. Kwa siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne upepo ulizidi, darsa ikakatizwa mapema, na jiko likiwa bado lina makaa mekundu likabebwa kupelekwa chumba anacholala Bibi pamoja na wajukuu wawili. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa gunia ili upepo usipenye. Mlango ukafungwa, watu wakalala.

Usiku wa manane mama aliamka kwa ajili ya swala ya usiku. Alipokuwa akichukua udhu alisikia mtoto anatapika. Alifungua mlango akamkuta mdogo analia kwamba kichwa kinamuuma, dada yake hawezi kusimama, na Bibi anaitika kwa sauti ya mtu aliye mbali. Aliwatoa nje mmoja baada ya mwingine, huku akiwaita wanaume wa nyumba. Walipelekwa kwenye huduma ya afya usiku ule ule, na kwa rehema za Allah (s.w.) wote wamepona.

Mama yule alipotusimulia kisa hiki alinyamaza mara mbili kabla ya kukimaliza. "Ndugu zangu," alituambia, "lile jiko nililibeba kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa namwonea huruma mama mkwe wangu." Bibi aliyekuwa ameketi karibu naye akamshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, ulinipa joto, na ukaniamkia. Yaliyobaki ni ya Mungu." Nasi hatukuwa na neno la kuongeza.

ADUI ASIYE NA HARUFU

Tumeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu jiko la aina hiyo limo karibu katika kila nyumba, na huruma ya aina hiyo imo katika kila mama. Hatari iliyopo haikutokana na uzembe. Ilitokana na kutojua jambo moja ambalo macho hayalioni.

Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo kama moshi wa kuni. Mtu anapoivuta huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na mkanganyiko wa akili. Aliyelala huenda asiamke tena. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakipatwa na dalili hizi kwa wakati mmoja, na ndani pana jiko la mkaa, watolewe nje kwanza kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Uani, penye nafasi na upepo, hewa hiyo hutawanyika. Chumbani hujikusanya. Wengi hudhani kuwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa makaa mekundu ndiyo hayo hayo yanayoitoa. Wengine huacha dirisha wazi kidogo wakaona yatosha. Nayo hiyo si kinga ya kutegemewa. Hukumu hii inahusu pia hema, banda lililozungushiwa turubai pande zote, na gari lililofungwa vioo. Ndugu zetu wanaoishi Oman na nchi nyingine za Ghuba wanalijua jambo hili, kwani huko watu hupenda kulala jangwani katika majira ya baridi, na mamlaka za ulinzi wa raia huwaonya wasiingize mkaa katika mahema.

MAFUNDISHO YA DINI YETU

Uislamu haukutuzuia kuota moto. Katika Surat al-Waaqia, Allah (s.w.) anautaja moto kuwa ni ukumbusho na ni manufaa kwa wasafiri. Katika Surat an-Naml na Surat al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipokuwa safarini na ahali zake, akauona moto kwa mbali. Aliwaambia wangoje, ili yeye aende akawaletee habari au kijinga cha moto wapate kuota. Wanazuoni hulieleza tukio hilo kwa utukufu wa wahyi aliokwenda kuupokea pale, na ndivyo inavyostahiki. Sisi wa ukurasa wa familia tunaongeza kulitazama pia kwa upande wa nyumba: mwanzo wa usiku ule mtukufu, Nabii wa Mwenyezi Mungu alikuwa ni mume anayehangaikia joto la watu wake.

Hata hivyo, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha mpaka wa neema hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliwaunguzia wenyewe usiku. Mtume (s.a.w.) alipopata habari hizo aliwaeleza watu kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Katika mapokezi mengine ametuamrisha tuzime taa kabla ya kulala, kwa kuwa hata panya aweza kuukokota utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Mafundisho hayo yametolewa kabla watu hawajaijua kaboni monoksidi kwa jina. Lau nyumba yetu ya Mtera ingeshika Sunna hiyo moja, jiko lisingeingia chumbani likiwa hai.

Tena, Allah (s.w.) ametukumbusha katika Surat an-Nahl kwamba ndani ya wanyama wa mifugo ametuwekea joto, na kwamba sufi na manyoya yao ni vyombo na starehe kwetu kwa muda. Basi ziko neema mbili za joto: ya moto na ya vazi. Ya vazi hulala nasi salama.

TUCHAGUE NINI?

Tulikaa na familia ile tukazipima rai zao zote nne. Tunawaletea matokeo ya mazungumzo hayo, tukiamini kuwa yatawafaa pia wasomaji wetu wa Njombe, Mbeya, Lushoto, Arusha na kwingineko kwenye baridi kali kuliko ya Mtera.

Rai ya Babu, ya kujifunika, ndiyo msingi. Mwili wenyewe ni tanuri. Kazi ya nguo ni kuyazuia yale makali yake yasitoroke. Nguo mbili au tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, hushika joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo inayokinga. Khanga juu ya sweta la mtumba, na shuka zito la kifugaji juu ya yote, humtosha mtu wa makamo. Wazee na watoto wachanga waongezewe kofia na soksi, lakini mtoto asifunikwe uso. Nguo iliyoloa jasho la mchana ibadilishwe kabla ya Magharibi, kwani unyevu huvuta joto la mwili.

Tena kuna kosa ambalo wengi hulifanya: hujifunika juu wakasahau chini. Mkeka mmoja juu ya saruji hautoshi. Chini yake litandikwe jamvi, gunia safi, godoro jembamba au ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vizuri. Bibi alipowekewa miguu juu ya ngozi badala ya sakafu, alisema kuwa nusu ya baridi imeondoka.

Linalofuata ni kuuzuia upepo. Hapa wazee wa Kigogo walitutangulia. Tembe zao, zenye mapaa bapa ya udongo, zilijengwa kwa kuuzunguka ua, na mtu aliyeketi ndani ya ua huo alikuwa amekingwa na upepo kabla hajawasha chochote. Nyumba zetu za leo zimesimama peke yake uwanjani, na upepo huzizunguka upendavyo. Lakini kinga si ghali. Mwezi wa Julai mavuno ya mtama yamekwisha na mabua yapo. Wigo wa mabua wa kimo cha mtu, ukisimamishwa upande wa mashariki na kusini-mashariki mwa baraza, hubadilisha jioni nzima. Asiye na mabua atumie turubai, matete au mabati chakavu, kwa upande ule mmoja au miwili tu unaotoka upepo, na pande nyingine ziachwe wazi.

Vinywaji vya moto navyo vina sehemu yake. Chai ya tangawizi au uji wa uwele hupasha mwili, huchangamsha maongezi na huwapa watoto sababu ya kungoja mpaka Isha. Wapo pia wanaotumia mfuko wa mpira wa maji ya moto unaouzwa katika maduka ya dawa, wakaufunga kwa taulo na kuuweka miguuni. Ni njia nzuri, ila wazee wenye kisukari wachunge, kwa sababu huenda miguu yao isihisi kuungua. Chupa za plastiki za soda zisitumike kwa maji yanayochemka.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Moto wa kuni una haiba yake, na hatusemi uachwe. Lakini moto mkubwa wa magogo, kama alivyoutaka kijana wetu, humchoma mtu kifuani na kumwacha mgongo wake kwenye baridi. Moshi wake haumfai mzee mwenye kikohozi, wala jirani ambaye nguo zake ziko kambani. Tena kila gogo ni mti, na Dodoma ni mkoa unaoujua uchungu wa ardhi iliyobaki tupu. Ndiyo maana mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Udongo unaokosa mizizi ya kuushika huishia mitoni, na kutoka mitoni huingia katika mabwawa kama hilo la Mtera. Basi moto na uwe mdogo, wa kuni kavu, usiotiwa plastiki wala kumiminiwa petroli.

Mawe ya kuuzungushia yasitoke mtoni, kwa kuwa jiwe lililonyonya maji huweza kupasuka likipata moto. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Baibui, madela na kanzu za nailoni au poliesta huyeyukia mwilini zikipata moto, hivyo wenye nguo hizo wakae mbali, na watoto wasikimbizane hapo. Wakati wa kuondoka moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi. Kuyafukia makaa kwa mchanga tu ni kumtegea mtoto wa asubuhi, kwani hubaki hai chini kwa saa nyingi.

Jiko la mkaa, likibaki uani, lafaa kwa birika la chai na kwa kupasha mikono. Sharti lake ni moja: halivuki kizingiti. Makaa yakibaki yazimwe kwa maji, na jiko lilale nje.

Na jiko la gesi la yule binti? Tulimshukuru kwa wema wake kwa wazazi, lakini tulimshauri aziweke fedha zake. Majiko hayo hufanya kazi vizuri penye kinga na penye watu wengi. Penye upepo, sehemu kubwa ya joto lake huchukuliwa, mtungi huisha upesi, na urefu wake hulifanya lianguke likisukumwa. Vifaa vya umeme vinavyotoa joto la mionzi ni bora kuliko hivyo, kwa kuwa humpasha mtu badala ya kupasha hewa. Lakini kifaa cha wati 2,000 hutumia uniti mbili za LUKU kwa saa moja, na vingi vimetengenezwa kwa matumizi ya ndani, visistahimili umande. Fedha hizo hizo zingenunua mablanketi ya nyumba nzima, nayo yangedumu miaka.

JINSI UA ULIVYOPANGWA

Siku ya pili ya ziara yetu watu wa nyumba ile waliupanga upya ua wao, nasi tukashiriki. Wigo wa mabua ulisimamishwa mashariki. Jamvi na ngozi vikatandikwa karibu na ukuta wa nyumba, ambao ulikuwa bado na joto la jua la alasiri. Kwa kuwa kibla cha Mtera kiko upande wa kaskazini, na kwa kuwa baadhi ya wanazuoni wamechukia mtu kuswali akiuelekea moto, mahali pa moto palichaguliwa magharibi, hatua kumi kutoka penye watu na mbali kabisa na mabua. Kwa mpango huo upepo wa mashariki huuondosha moshi na cheche, watu wakabaki na mwanga na joto dogo kwa mbali. Upande ule wa magharibi hapakuwa na nyumba ya jirani wala nyasi kavu; mwenye jirani upande huo itampasa aache moto au autafutie mahali pengine, kwa sababu Sharia yetu haimruhusu mtu kujinufaisha kwa kumdhuru mwenzake.

Birika kubwa la maji liliwekwa jikoni kwa ajili ya udhu wa Isha. Kutia udhu kikamilifu katika baridi kuna fadhila kubwa, lakini hakuna ubaya wa kuyapasha maji. Mwenye khofu aliyezivaa akiwa na tohara anaruhusiwa pia kupaka juu yake, usiku na mchana kwa mkazi, na siku tatu kwa msafiri. Ama kuhusu soksi za kitambaa wanazuoni wamekhitilafiana, na vyema kila mmoja amuulize imamu wa msikiti wake.

Kisha yule kijana mkubwa, aliyekuwa amenyimwa moto wake wa magogo, akapewa kazi. Babu alimwita mbele ya watoto akamwambia, "Mjukuu wangu, kuanzia leo wewe ndiye mwenye moto. Utauwasha wewe, na hutalala kabla ya kuuzima. Ukiniambia umezimika, nami ndipo nitalala." Tuliona namna alivyosimama. Jioni ile, watu walipokwisha kutawanyika, alimwaga maji mara mbili juu ya majivu, akainama akayagusa kwa vidole, ndipo akaenda kugonga dirisha la babu yake. Gunia lilikuwa limekwisha kuondolewa dirishani hapo, na mahali pake pametiwa pazia.

Wapenzi wasomaji, jioni za kipupwe ni neema. Jua huzama mapema, kazi za shamba zimepungua, na usiku ni mrefu wa kutosha kwa maongezi, mafunzo na ibada. Tukishindwa na baridi, kila mtu atajifungia chumbani kwake na simu yake, na yale ambayo Babu anayajua atakwenda nayo. Tukiishinda kwa njia isiyo salama, huenda tukapoteza zaidi ya darsa. Kati ya mawili hayo ipo njia ya wastani ambayo haihitaji fedha nyingi: vazi, jamvi, wigo, kikombe cha chai, na moto mdogo unaobaki uani na kuzimwa.

Tunawaomba wazazi, kabla ya kulala leo, waulize swali moja nyumbani: jiko liko wapi, na nani amelizima? Swali hilo lifanywe desturi kama tunavyouliza kama mlango umefungwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) azihifadhi nyumba zetu, awape afya wazee wetu, na azidumishe darsa za nyuani na misikitini. Panapo majaaliwa tutakutana wiki ijayo.

Wabillahi tawfiq.